Gitaa Lililolipuka Kwenye Sendofu

Nyimbo zangu zote ni za kuachwa. Ndivyo Mungu alivyonijalia. Baa za Sinza wananijua: yule kijana wa gitaa kavu anayewakumbusha watu wapenzi waliokwisha kuwasahau. Mzee mmoja kutoka Moshi akanisikia, akaipenda sauti. Maneno nadhani yalimpita, maana alikuwa na mishikaki mbele yake. Akaniita nikaimbe kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi.

Kwenye basi niliomba nipande na gitaa langu. Konda akaniuliza, "Braza, hilo limelipa nauli?" Gitaa likaingia kwenye buti, juu ya gunia la dagaa, nyuma kabisa karibu na injini, kutoka Dar mpaka Moshi, na jua la Same ninyi wenyewe mnalijua.

Sasa nikupe siri ya gitaa. Nyuzi sita za chuma zikishatyuniwa, zinavuta kwa nguvu inayopita kilo 70. Kinachozizuia ni kile kibao cha chini zinapofungwa, na kibao chenyewe kimegandishwa kwa gundi. Yaani mjomba mzima amening'inia pale, kashikwa na gundi! Na gundi ikipata joto la kutosha hulegea.

Nilipolifungua ukumbini lilinuka dagaa, lakini lililia vizuri. Maneno nilikuwa nimeshayageuza njiani: "umeniacha" ikawa "unatuacha", na "sitakusamehe" ikawa "tutakukumbuka". Silabi zinalingana, anayebisha ahesabu. MC akatangaza burudani kutoka Dar es Salaam, nikasimamishwa kando ya meza ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, naye ndafu kapiga magoti na majani yake mdomoni, kanitazama tangu naanza.

Ubeti wa kwanza bibi wa bi harusi alifuta machozi. Ubeti wa pili, PAAA!

Kibao kikafyatuka, bado kimefungwa na nyuzi zake, kikamchapa ndafu shavuni, majani yakamtoka. Baba mdogo wa bi harusi akawa tayari chini ya meza. "Laleni! Ni bunduki!" MC alilala na maiki yake, kwa hiyo ukumbi mzima tulisikia alivyokuwa anatubu.

Nami nimeshika ubao wenye tundu, mdomo wazi.

Hapo ndipo sauti ikatoka kwenye meza ya chakula. Mama mmoja, upawa wa pilau mkononi, alikuwa ameshaushika wimbo wangu kwa kuusikia mara moja tu, na ameingia sauti ya pili. "Kaka, usinyamaze, do yako hii hapa," akanipa ki, yaani sauti ya kuanzia, kwa kugonga sufuria. Kijana aliyekuja na kisu cha kumkata ndafu akachukua ya tatu. Besi ikatokea mlangoni, kwa dereva wa lori lililoleta viti. Huko Kilimanjaro, kwa kwaya zilivyojaa, ukitupa jiwe gizani atakayelia atalia kwa sauti ya pili.

Watu wakaibuka kutoka chini ya meza wakicheza. Walitutuza mpaka aproni ya yule mama ikajaa noti. Aproni yake, si yangu. Mimi sikuvaa aproni.

Sauti Sol wa Nairobi walianza mwaka 2005 wakiimba bila vyombo, mpiga gitaa akawafuata baadaye. Sisi kwetu gitaa lilitangulia, likafa, ndipo sauti zikaja. Usiku uleule, nyuma ya jiko, tulikubaliana kuwa bendi. Mama Upawa akajiteua kiongozi, na hakuna aliyepiga kura wala aliyethubutu kuiomba. Sharti lake la kwanza: nitunge hata wimbo mmoja ambao mtu haachwi.

Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati kuchukua haki yangu. Akavaa miwani, akasoma makubaliano taratibu.

"Kijana, hapa imeandikwa kuimba na kupiga gitaa. Kuimba umeimba. Gitaa umepiga ubeti mmoja na nusu."

"Shikamoo mzee," nikasema, maana sikuwa na hoja nyingine.

"Marahaba." Akahesabu nusu, akanikabidhi. "Desemba tunamuaga na mdogo wake bi harusi. Mje wote wanne, mmetufurahisha sana. Ila wewe, ukija, njoo mikono mitupu."