Jogoo wa Benin na karatasi za Uingereza

Ukihamia Uingereza, unajifunza upesi kwamba kauli yako haitoshi. Upange nyumba, ufungue akaunti, umwalike mama yako aje kukutembelea, kote unadaiwa karatasi: ya mshahara, ya benki, ya mwenye nyumba. Kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, mpaka wa shamba huulizwa mzee, naye huonyesha mnazi na kumtaja aliyeupanda. Utaratibu wa huku nauheshimu, maana nyumbani nimeona faili la mjane likipotea ofisini na haki yake ikapotea nalo. Ninachokataa ni karatasi kudaiwa kwa ukali pale tu Mwafrika anapodai chake.

Mtazame yule jogoo wa shaba wa Jesus College, Cambridge, aitwaye Okukor. Alisubiwa na mafundi wa ufalme wa Benin, ambao leo uko ndani ya Nigeria. Majogoo wa namna hii waliwekwa juu ya madhabahu ya Iyoba, mama mzazi wa mfalme, akishafariki, ili mwanawe, Oba, awe na mahali pa kumkumbuka na kumtambikia. Februari 1897 majeshi ya Uingereza yakauteka mji wa Benin. Jumba la mfalme likaungua, vitu kwa maelfu vikabebwa, na Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar, akafia huko mwaka 1914. Mfanyabiashara George William Neville alikuwapo katika uvamizi ule. Mwaka 1905 akakizawadia jogoo huyu chuo alikosoma mwanawe. Nembo ya chuo ina vichwa vya majogoo kwa sababu ya jina la mwanzilishi wake, Askofu John Alcock, basi kitu cha msiba wa watu kikasimamishwa katika ukumbi wa chakula. Wanafunzi ndio waliopaza sauti, akaondolewa ukumbini mwaka 2016. Tarehe 27 Oktoba 2021 akakabidhiwa kwa Nigeria.

Jina la mtoaji lilijulikana, mwaka ulijulikana, na habari za vita vile Waingereza waliziandika wao wenyewe. Kwa miaka 116 ushahidi wote ulikuwa mikononi mwa aliyefaidika na wizi.

Hili linaniuma kwa sababu ya vigango vyetu, nguzo za mti zilizochongwa kwa kumkumbuka marehemu. Mmijikenda wa chama cha Gohu akifa, jamaa zake humsimamishia kigango cha mti bomani, na hakitakiwi kung'olewa. Vimeibwa usiku kwa usiku, vikauzwa kwa wenye maduka ya sanaa, vikaishia Marekani. Familia moja ilirudishiwa viwili mwaka 2007, na kilichowasaidia ni picha: mtafiti alikuwa amempiga mzee picha mbele ya vigango vile mwaka 1985, kabla havijaibwa. Je, wale wasiowahi kutembelewa na mtu mwenye kamera? Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vingine 30 mwaka 2019, lakini kujua kila kimoja kilitoka boma gani ni kazi ngumu mno, kwa kuwa wauzaji hawakujali kuandika.

Machi 2023 serikali ya Nigeria ilimtambua Oba kuwa mmiliki wa vitu vya Benin vinavyorudishwa. Chuo Kikuu cha Cambridge kikaahirisha makabidhiano ya vitu vyake vingine. Wapo Waafrika wenzangu huku waliokubaliana nacho, wakihofu kwamba vitafungiwa ndani ya jumba la mfalme. Mimi sikubaliani nao. Anayerudisha mali ya wizi hana haki ya kumpangia mwenyewe pa kuiweka. Wanijeria wabishane wao kwa wao, nao wanabishana kwelikweli.

Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo wa Tana River, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902, na mpaka leo iko ghalani mwa British Museum, jumba la makumbusho la London. Jumba hilo hujitetea kwa sheria ya mwaka 1963 inayolizuia kutoa vitu vyake. Sheria hutungwa na wabunge, na wengi wetu hatujui kwamba Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnijeria anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kuwapigia kura, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Jiandikisheni. Mimi nimeshamwandikia mbunge wangu kuhusu sheria hiyo na kuhusu Ngadji, na atakapokuja mlangoni kuomba kura nitamuuliza amefikia wapi.