Chuo au gereji: mwaka wa kushika spana si mwaka uliopotea

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mwezi Januari, nyumba nyingi hurudia mabishano yale yale. Kijana hakupata alama za kwenda kidato cha tano, au amezipata na hazitaki. Baba anataka chuo cha ufundi, VETA au kingine, kwa sababu huko kuna cheti. Mjomba anasema mpelekeni kwa fundi, mwaka hauishi atakuwa anajitegemea. Mama anauliza swali ambalo wote wawili hulikwepa: na huko gereji atakuwa anakula nini?

Upande wa chuo una wasemaji wengi. Serikali inausemea, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ndani ya sekondari zenyewe. Gereji haina msemaji. Ikitajwa, hutajwa kama mahali pa kumpeleka aliyeshindikana, au kama utumwa wa kuosha vyuma mwaka mzima bila kushika kitu cha maana. Mwaka huo wa kuosha na kushika spana ndio unaostahili kuangaliwa kwa karibu, na gereji ya pikipiki inafaa kuwa mfano, maana haikosekani penye kijiwe cha bodaboda.

Chukua bolti ya kumwagia oili. Iko chini ya injini. Yenyewe ni ya chuma, na imeingia kwenye kasha la alumini. Alumini ni laini, kwa hiyo zikipambana, uzi wa kuliwa unajulikana mapema. Pikipiki ndogo nyingi zinataka bolti hii ikazwe kwa nguvu ya nyutonimita 20 hadi 25 hivi. Kwa lugha ya mkono, ni sawa na kuning'iniza ndoo ya lita 10 ya maji kwenye mpini wa spana, sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bolti. Hiyo si nguvu nyingi. Kijana wa miaka 18 mwenye spana ndefu anaizidi mara mbili bila kukunja uso. Bolti ndogo za kava la klachi, zile za spana namba 8 au 10, zinataka nusu ya hapo.

Mgeni wa kazi hajui kusimama. Bolti inagoma, anaongeza. Inagoma, anaongeza tena. Halafu ghafla inalegea mkononi, inazunguka wala haikazi. Akiitoa, inatoka na vinyuzi vya alumini vimejisokota juu yake. Huyo amebahatika, kwa kuwa kosa limeonekana papo hapo. Mbaya zaidi ni uzi ulioliwa nusu: unashika leo, unaanza kuvuja wiki ya tatu. Injini hizi hubeba oili ya lita moja tu au kuzidi kidogo, na dereva wa bodaboda anayekimbizana na hesabu ya bosi hainami kutazama chini. Oili inaisha njiani, pistoni inakamata, injini imenoki. Fundi anarudishiwa pikipiki ya kufanyiwa ovaholi kwa sababu ya bolti aliyolipwa kuifungua na kuifunga tu.

Gereji ngapi za mtaani zina spana ya kupimia nguvu? Chache mno. Kipimo ni mkono, na mkono huo hutengenezwa kwa kurudia. Anayemwaga oili ya pikipiki nne kwa siku, siku sita kwa wiki, ndani ya miezi mitatu ameifungua na kuikaza bolti ile mara 300 na ushei. Hapo ndipo ile "kaza, ila usikaze sana" ya fundi, ambayo siku ya kwanza ilikuwa kitendawili, inapoingia kiwikoni. Darasani namba ya nyutonimita huandikwa ubaoni, hunakiliwa, na hujibiwa kwenye mtihani. Namba ni ya kweli, lakini haijafika mkononi.

Kuosha nako kumesemwa vibaya kuliko kunavyostahili. Dogo anayesafisha plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, hajui kuwa anasoma. Plagi yenye rangi ya kahawia iliyopauka inasema injini inachoma vizuri. Nyeusi kavu kama kitako cha sufuria ya kuni: petroli inaingia nyingi. Nyeusi yenye majimaji ya oili: ringi zimechoka, au sili za valvu. Nyeupe: petroli haitoshi, injini inachemka. Akishaosha plagi mia moja za pikipiki ambazo ameshasikia wenye nazo wakizilalamikia, dogo anaanza kutabiri rangi kabla ya kuifungua. Kinachopaswa kulaaniwa hapa ni petroli ambayo huoshewa vyuma kwa mikono mitupu, pembeni mtu anawasha kiberiti. Mafuta ya taa au dizeli na brashi vinatosha, na fundi asiyelijua hilo hafai kukabidhiwa mtoto wa mtu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo chuo, hata kikiwa kizuri, kinashindwa kulinunua. Injini ya darasani haina mwenyewe. Imefunguliwa na makundi mengi kabla yako, bolti zake zimelegea kama meno ya mzee, na ikifungwa vibaya hakuna safari inayoharibika. Kengele inalia, mnaenda kula. Ya gereji mwenyewe amekaa pale pembeni juu ya tairi kuukuu, na jioni anadaiwa. Anamuuliza dogo, "Imefikia wapi?" na dogo lazima ajifunze kusema "bado", "sijui, ngoja nimuite fundi", au kile kigumu kupita vyote, "nimeivunja". Kijana wa miaka 17 anayeweza kumwambia mtu mzima neno hilo la mwisho akiwa amemtazama usoni amekua, na hakuna somo la stadi za maisha lililomfikisha hapo.

Hata kutumwa dukani ni shule, ingawa shule yenye pengo. Dogo anapewa pesa na beringi iliyokufa, anaambiwa alete nyingine. Imeandikwa 6301. Akileta 6201, tundu la ekseli linaingia vizuri kabisa, maana zote mbili ni milimita 12, lakini kwenye habu, kitovu cha gurudumu, inacheza: ile ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 37, hii ni 32. Anarudishwa dukani kwa miguu, na hatakosea tena maisha yake yote. Lakini muulize kwa nini, hajui. Hajawahi kuambiwa kuwa tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Mwalimu wa chuo anaifundisha kanuni hiyo kwa dakika kumi, na mwanafunzi wake anaweza kuagiza beringi ya mashine ya kusaga ambayo hajawahi kuiona. Dogo wa gereji anajua namba sita au saba za beringi kwa moyo, na ya nane inampiga chenga.

Pengo la "kwa nini" ndilo hoja nzito ya chuo. Ubaya wake unaonekana kwenye tapeti.

Tapeti za pikipiki, zile skrubu za kurekebishia nafasi ya valvu, hulia, tik tik tik, na wateja hawaipendi sauti hiyo. Mteja anasema "punguza kelele", fundi anakaza skrubu mpaka kimya, mteja anafurahi na kulipa. Dogo anayetazama anaandika kichwani kwamba tapeti nzuri ni iliyonyamaza. Ni kosa, na linarithiwa gereji hadi gereji. Ile nafasi ndogo iliyoachwa kati ya roka, mkono unaosukuma valvu ifunguke, na valvu yenyewe, mara nyingi milimita 0.05 upande wa kuingiza na 0.10 upande wa moshi au karibu na hapo kulingana na kitabu cha pikipiki husika, ni unene wa unywele tu, lakini imeachwa makusudi. Valvu ikipata moto inarefuka. Ile ya moshi inapata moto zaidi, ndiyo maana inapewa nafasi kubwa zaidi. Ukiinyima nafasi, injini ikichemka valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Kiti hicho ndicho njia yake ya kupoa. Ikikikosa, ukingo wake unaungua kidogo kidogo. Baada ya muda pikipiki inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, nguvu inapungua mlimani, na hakuna anayekumbuka siku kelele ilipokoma.

Utaratibu wenyewe si siri. Injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana ilale. Krenki izungushwe mpaka alama ya T kwenye magneti ielekeane na mstari wa kwenye kasha. Roka zote mbili zitikiswe kwa vidole: zikicheza, pistoni iko juu kwenye mgandamizo, moja ikiwa ngumu, umeangukia mzunguko mwingine, zungusha duara zima. Filagegi, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite ikikwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Kisha nati ya kufungia ikazwe huku skrubu imeshikwa, na upime tena, kwa sababu nati ikikazwa huiburuza skrubu. Aliyesoma chuo anaijua hatua ya mwisho. Wengi wa gereji hawaijui, au wanaijua na hawana filagegi.

Kwenye umeme chuo kinashinda kwa mbali zaidi. Pikipiki inakufa betri kila siku tatu. Fundi wa kubahatisha anabadilisha betri. Ikifa tena anabadilisha rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri. Ikifa tena analaumu spea feki. Mteja ameshalipa mara tatu. Mwenye mita ya kupimia volti anapima betri ikiwa imepumzika, volti 12.6 hivi ikiwa imejaa, anawasha injini, anaongeza moto: ikipanda mpaka kati ya 13.5 na 14.5, mfumo unachaji na tatizo liko kwingine. Isipopanda, anafuata waya kurudi nyuma. Dakika tano. Na pikipiki za umeme zikizidi barabarani, jicho la plagi na sikio la tapeti vitapungua thamani na mita itapanda. Hilo halina ubishi.

Hata hivyo, pengo hilo linazibika. Kanuni ya beringi ni dakika kumi, ya tapeti ni mchana mmoja, na mita hujifunzwa kwa wiki chache. Mkono wa mara 300 hauna njia ya mkato. Kwa hiyo swali la chuo au gereji, kwa jicho langu, ni swali la kipi kitangulie. Aliyetangulia gereji akienda darasani anasikia majibu ya maswali aliyokuwa nayo. Aliyetangulia darasani anafika gereji na cheti, ana miaka 20 au zaidi, na kuambiwa aanze kumwaga oili anaona ni kudhalilishwa. Wengine huacha hapo hapo. Kwa waliojifunzia kazini, VETA huwapima, huwajazia mapengo kwa mafunzo mafupi na kuwapa cheti katika mpango wa kurasimisha ujuzi. Kenya, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza. Mlango wa cheti haujafungwa kwa aliyeanzia chini ya mwembe.

Kasoro ya gereji inayoniumiza zaidi si cheti wala kuosha. Ni kwamba haina tarehe ya mwisho. Ujerumani pia hufundisha mafundi wa magari kazini, miaka mitatu na nusu, lakini kijana ana mkataba, anahudhuria shule ya ufundi sambamba na kazi, analipwa (tangu 2020 sheria imemwekea kima cha chini), na kuna mtihani wa kumfungulia mlango. Kwetu dogo hubaki dogo mpaka fundi aamue, na fundi ana sababu ya kutoamua: akimkamilisha, mwaka kesho atakuwa na gereji ng'ambo ya barabara na nusu ya wateja. Ukimya juu ya posho unatoka humo humo. Leo anapewa ya kula, kesho hapewi, na hakuna wa kumuuliza kwa kuwa hakuna kilichosemwa siku ya kwanza.

Mzazi ndiye wa kukisema. Aende mwenyewe, aketi, na yatajwe: miezi mitatu ya kuosha na oili, wa nne aanze breki, cheni na klachi, wa tisa ashike hedi, kichwa cha injini, akisimamiwa, mwaka ukitimu, alipwe kwa kazi au aruhusiwe kuondoka kwa heshima. Posho ya siku itajwe kwa shilingi. Isemwe pia nani analipa dogo akivunja kitu, maana atavunja. Mnunulie spana zake, namba 8, 10, 12, 13, 14 na 17, filagegi moja, na daftari la kuandika kila namba ya beringi na kila kipimo anachokutana nacho. Fundi mwema hataudhika na mazungumzo hayo.

Na kabla ya kukubaliana, zunguka pale gereji siku mbili tatu ukijifanya unasubiri mtu. Usiangalie nani anaosha. Kila gereji ina anayeosha. Ngoja siku wanafungua hedi, uone kama dogo anaitwa asogee na tochi, au ndiyo saa anayotumwa dukani kuleta kitu ambacho kingeweza kusubiri.