Kanga Imechukuliwa na Upepo

Nianze na kukiri: ile kanga niliichana mimi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, nyumbani Tanga. Kesho yake mdogo wake mke wangu anaolewa Muheza, nami nilitaka Corolla langu liingie ukweni likimeremeta. Ni la 1982, KE70, injini 4K ya cc 1290, kabureta ya kuchanganyia petroli na hewa, choki ya kuvuta kwa mkono. Gari la namna hii huliogeshi bodi tu. Unafungua boneti, na injini nayo inapata haki yake. Tatizo ni ile sufuria nyeusi ya eakilina, yaani ya chujio la hewa, inayokaa juu ya kabureta. Ina pua ndefu ya kuvutia hewa, na maji yakipita humo utaimba nyimbo zote. Nikaangaza kambani. Kulikuwa na kanga imepauka. Imepauka kwa macho yangu, yaani. Nikachana kipande, nikakisokomeza puani hadi ndani kabisa, nikamwaga maji kwa raha zangu. Mabaki nikayatupia kwenye buti.

Nilichosahau kukitoa unakijua.

Usiku mke wangu, Mama Zuhura, akaulizia kanga yake. "Itakuwa upepo," nikamjibu. "Leo si ulivuma?" Kumbe ni ya doti aliyoachiwa na marehemu bibi yake. Akakishika kile kipande cha pili, akasema sasa kimekuwa kijane, akalala ameelekea ukutani.

Asubuhi gari likawaka kwa ufunguo mmoja, wala choki sikuvuta. Nikavimba kichwa. "Unaona, Ami? Gari ni kulijua." Ami yake mke wangu alikuwa kiti cha mbele, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Yeye ndiye walii wa bibi harusi, maana baba mtu alishatangulia mbele ya haki. Kwa maneno mengine, Ami asipofika hakuna ndoa.

Tulipoipita Kange nikakanyaga mafuta. Gari likagoma kukimbia, linajivuta kama limefungwa trela la mkonge. Nikiongeza mguu ndiyo kwanza linazubaa. Kwenye kioo nikaona moshi mweusi, na ndani ya moshi bodaboda mmoja akinitukana kwa ishara.

"Petroli ya siku hizi imechakachuliwa," nikatangaza.

Nikaegesha, nikatoa bisibisi. Hapo ndipo elimu yangu ilipotuponza. Nilikuwa najua jambo moja: petroli gramu 1 inataka hewa kama gramu 14.7 ili iungue sawasawa, na moshi mweusi maana yake petroli imezidi. Ikizidi si inapunguzwa? Nikaishika skrubu ya mikscha pale ubavuni mwa kabureta, nikaizungusha ndani nusu. Bado. Nusu nyingine. Kwamba labda petroli ni ileile na kilichopungua ni hewa, wallahi halikunipitia akilini. Nikaikaza hadi sailensi, ule mngurumo wa gari bila kukanyaga mafuta, ikafa. Sasa nikawa na gari ambalo likisimama linazima, likikimbizwa linazimia.

"Ami, samahani. Kusukuma kidogo tu."

Mzee akashuka, akakunja mikono ya kanzu, akainama nyuma, upande uleule wa ekzosi. Nikaachia klachi, nikakanyaga hadi chini. Gari likakohoa pwaa! moja, likatema masizi yote liliyoyaweka tangu asubuhi. Nilipogeuka, Ami alikuwa amesimama wima, mweusi kuanzia kifuani kwenda chini. Hakusema neno. Angesema ningeshukuru.

Pongwe tuliingia kwa kuvutwa na pikapu ya machungwa. Fundi alikuwa mzee wa makamo, chini ya mwembe, hana haraka. Akafungua plagi moja, akaipitishia kidole: masizi makavu.

"Nani kaigusa skrubu hii?"

Ami akaninyooshea kidole. Nacho cheusi.

"Skrubu hii ni ya sailensi," fundi akasema. "Ukishakanyaga mafuta, petroli inapita njia nyingine kabisa. Umemkata kucha mgonjwa wa tumbo. Asubuhi lilihitaji choki?"

"Halikuhitaji," nikajibu, bado nina fahari kidogo.

"Choki kazi yake ni kuziba hewa. Gari la baridi likiwaka bila choki, ujue hewa imeshazibwa kwingine." Akamgeukia mke wangu. "Mama, jiko la mchina likikosa hewa linafanyaje?"

"Linatoa masizi," Mama Zuhura akajibu palepale. Miaka minane mimi na gari hili, yeye sekunde mbili.

Fundi akafungua nati ya masikio, akanyanyua mfuniko, akatoa chujio. Akachungulia puani. Akaingiza koleo, akaanza kuvuta taratibu kama anamzalisha mbuzi. Kikatoka kitambaa, kikaendelea kutoka, na pembeni maandishi.

"KUMBE SIYE," fundi akasoma kwa sauti.

Kimya. Hata Ami aliacha kujipangusa.

"Inaanza na *mdhaniaye ndiye*," mke wangu akasema polepole. Akakipokea, akakikunjua, akakinusa petroli. "Kwa hiyo ulisema kweli, Baba Zuhura. Kilichukuliwa na upepo."

Fundi akaikaza skrubu kwa ncha za vidole hadi mwisho, akairudisha nje mizunguko miwili na nusu, akawasha. Sailensi ikatulia kama cherehani. Nikakanyaga: moshi hakuna. Nikatoa pesa upesi tuondoke, ndoa inasubiri, sala ya adhuhuri hiyo inakaribia.

"Nipeni kitambaa nifute mikono," fundi akasema.

Ami alikuwa ameshafungua buti, anatafuta maji ya kanzu yake. "Humu kipo," akaita. "Tena kinafanana na hicho."