Kingamwili za antifosfolipidi, malaria yetu, na swali tunalolikimbia

Daktari mmoja rafiki yangu, ambaye amefanya kazi wodini Kisumu kwa miaka kabla ya kuhamia Nakuru, ana jibu moja kila nikimtajia utafiti wa kingamwili za antifosfolipidi, zile kinga za mwili zinazoweza kugandisha damu mishipani na kuharibu mimba. "Nenda Ahero, hapo jirani na Kisumu, msimu wa mvua," husema, "pima damu ya kila anayetoka kuugua malaria. Utazikuta hizo kingamwili kwa wengi, na hutamwona hata mmoja aliyeganda damu. Sasa tuzitafute za nini?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Malaria, VVU, kaswende, kifua kikuu na homa ya ini ya aina ya C, yote haya yanajulikana kuamsha kingamwili zinazoshika fosfolipidi, yale mafuta yanayojenga utando wa seli zetu. Mara nyingi huja na ugonjwa na kuondoka nao. Kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria ndizo zenye malaria nyingi kuliko zote nchini, na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimo katika zile zilizolemewa zaidi na VVU. Ukileta hapa kipimo kilichozoeleka Ulaya na kumpima kila apitaye mlangoni, utavuna majibu mengi yasiyo na maana, na watu wasio na ugonjwa watarudi nyumbani wakijiona wagonjwa. Tena mwanamke wa Siaya akipoteza mimba, malaria iliyojificha kwenye kondo la nyuma ndiyo mshukiwa wa kwanza, na ni haki iwe hivyo.

Ninapoachana na rafiki yangu ni pale anapomalizia kwamba huu basi ni utafiti wa wazungu, tuwaachie wenyewe. Kwangu mimi, kadiri damu ya watu wetu inavyobeba kingamwili za kila namna, ndivyo tunavyohitaji zaidi kujua ipi inagandisha na ipi ni mpita njia. Mahali ambapo malaria haipo, kipimo butu bado kinafaa kidogo. Kwetu kipimo butu hakifai kabisa, na kinachokinoa ni utafiti huu huu tunaoambiwa si wetu.

Hata hoja ya Ahero imetoka humo humo. Ilikuwa 1990 ndipo watafiti katika maabara mbalimbali walipogundua kwamba kingamwili zilizo hatari kwa kawaida hazishiki mafuta yenyewe. Hushika protini inayokaa juu yake, iitwayo beta-2 glaikoprotini 1. Zile za kaswende hushika mafuta moja kwa moja, bila kuhitaji protini hiyo, na nyingi za maambukizi mengine huwa hivyo hivyo. Baadaye ikaonekana kwamba protini hii huzunguka kwenye damu ikiwa imejikunja, na inapokutana na utando hunyooka, ikaonyesha sehemu iliyokuwa imefichwa. Kingamwili zinazolenga sehemu hiyo ndizo zinazohusishwa zaidi na mabonge ya damu. Rafiki yangu anaposema kwamba kingamwili za malaria si zile za ugonjwa, anatumia maarifa yaliyopatikana kwa kazi anayotaka isifanywe.

Kuna jambo jingine, nalo linagusa kila mama aliyewahi kubeba kitabu cha kliniki ya wajawazito. Herufi VDRL anazijua: ni kipimo cha kaswende. Asichoambiwa ni kwamba kipimo hicho hakimtafuti mdudu wa kaswende. Kinatafuta kingamwili dhidi ya kardiolipini, fosfolipidi ambayo Mary Pangborn aliichuja kutoka kwenye moyo wa ng'ombe huko Marekani mwaka 1941. Mtu asiye na kaswende kabisa anaweza kusoma "ndiyo", kwa sababu ya malaria ya juzi, au kwa sababu damu yake ina kingamwili za antifosfolipidi za kudumu. Tangu 1952 imejulikana kwamba wale ambao jibu lao la uongo halitoki, mwaka baada ya mwaka, ni watu wa kuangaliwa kwa makini, kwani wengi wao hupata lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, au maradhi ya jamii hiyo.

Sasa fikiria jibu hilo likisomwa Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Binti ya shangazi yangu alisomewa hivyo katika mimba yake ya kwanza. Mumewe alipimwa, hakuwa na kitu. Binti akachomwa sindano, akanyamaza, na nyumba haikuwa na amani tena. Mimba ya pili ilikufa mwezi wa saba. Ya tatu pia. Wakwe wakataja chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa, na dada za mume wakaanza kuhesabu ni lini atarudishwa kwao. Mguu wa kushoto ulipovimba ukawa wa moto, alipewa dawa ya maumivu katika kituo kimoja, kisha kingine. Miaka minne ilipita kabla mtu hajaweka vitu hivi vitatu kwenye ukurasa mmoja: VDRL isiyo na kaswende, mimba zilizokufa, bonge la damu mguuni. Kila kimoja kilikuwa kimeandikwa mahali fulani. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba vinahusiana.

Aliyeviunganisha kwa mara ya kwanza kuwa ugonjwa mmoja, ugonjwa wa antifosfolipidi, ni daktari Graham Hughes wa London, mwaka 1983. Linalosahaulika ni kwamba miaka ya 1970 alikuwa amefanya kazi Jamaika, akiwachunguza watu waliopooza miguu huku vipimo vyao vya kaswende vikisoma ajabu. Kwa hiyo sehemu ya mizizi ya wazo hili iko nchi ya joto, kwenye damu ya watu weusi. Anayeuita ugonjwa wa wazungu hajaifuata hadithi hadi mwanzo wake.

Je, kingamwili hizi ndizo zinazogandisha, au ni mashahidi tu? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha, na kwa miaka mingi wapo waliosema kingamwili ni wingu tu. Mkanganyiko mkubwa ulitoka maabara. Mojawapo ya kingamwili hizi ikitiwa kwenye kichupa cha damu huichelewesha kuganda, ndiyo maana ilipachikwa jina la kizuia mgando cha lupasi. Mwilini hufanya kinyume. Daktari wa upasuaji akiona damu imechelewa kichupani anahofia mgonjwa atavuja, kumbe hatari yenyewe ni bonge. Sababu ni kwamba kichupani kingamwili hushindania mafuta tu, hali mwilini hukutana na seli hai: kuta za mishipa, chembe sahani, seli nyeupe. Zote hizo huamshwa na kuwekwa katika hali ya kugandisha.

Ushahidi unaonishawishi ni wa panya. Chukua kingamwili kutoka kwa mgonjwa, zisafishe, zidunge kwa panya mwenye afya: mabonge yake yanakuwa makubwa, na akiwa na mimba, inaharibika. Kundi la Jane Salmon na Guillermina Girardi huko New York lilionyesha kwamba kwenye kondo uharibifu hupitia komplimenti, zile protini za kinga zinazotoboa vijidudu. Panya asiye na baadhi ya protini hizo hulindwa. Mwaka 2004 waliongeza kwamba heparini huokoa mimba za panya kwa kuituliza komplimenti, kwani dawa nyingine za kuzuia mgando hazikuziokoa. Watafiti wa Michigan nao mwaka 2015 walionyesha kwamba kingamwili hizi huzifanya seli nyeupe kutema nyuzi za DNA zao zikawa wavu, na chembe za damu zikanasa humo. Mtu wa Dunga, ufuoni mwa ziwa, aliyeona wavu wa omena ukivutwa hahitaji kuchorewa.

Hapo narudi kwenye maambukizi. Mwaka 2020, watafiti wa Michigan waliwapima wagonjwa 172 wa korona waliolazwa, wakakuta asilimia 52 wana angalau aina moja ya kingamwili hizi. Kwa kiwango kikali zaidi zilibaki asilimia 30. Kingamwili kutoka kwa baadhi yao ziligandisha damu ya panya. Maabara nyingine hazikuona uhusiano wa wazi na mabonge kwa wagonjwa wenyewe, na kingamwili nyingi zilitoweka baadaye. Mjadala huo haujafungwa. Lakini unatikisa ile imani kwamba kingamwili ya maambukizi ni ya amani siku zote. Inakubalika sana kwamba kuwa na kingamwili pekee hakutoshi, lazima uje msukumo wa pili: upasuaji, mimba, kuvuta sigara, maambukizi. Kwetu msukumo wa pili ni wa kila msimu. Je, malaria inayotuchafulia kipimo huwa pia, kwa mwanamke mwenye kingamwili za kudumu, ndiyo inayomsukuma? Swali hilo haliwezi kujibiwa London. Mahali pake ni hapa, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kisian imeijua malaria ya ziwa kwa miongo.

Takwimu isiyonitoka kichwani ni ya 1997. Katika Hospitali ya St Mary's, London, wanawake 90 waliokuwa wakipoteza mimba mfululizo na wenye kingamwili hizi waligawanywa sawasawa. Waliopewa aspirini peke yake, 19 kati ya 45 walijifungua watoto hai, yaani asilimia 42. Waliopewa aspirini na heparini walikuwa 32 kati ya 45, asilimia 71. Hesabu tofauti hiyo: watoto 13. Naihesabu hivyo kwa sababu asilimia hupita masikioni, ila watoto 13 ni darasa la chekechea lenye madawati yaliyojaa upande mmoja na matupu upande wa pili.

Rafiki yangu ana jibu hapa pia, na ni jibu zuri. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa Uingereza, wanawake 98, ulitumia heparini ya aina nyingine na haukuona tofauti ya maana: asilimia 78 kwa dawa mbili, 72 kwa aspirini pekee. Na vigezo vipya vya kimataifa vya ugonjwa huu, vya 2023, vimepunguza uzito wa mimba zinazotoka mapema, vikitazama zaidi zile zinazokufa baadaye au kukatizwa na shinikizo la damu na kondo dhaifu. Nakubali yote mawili. Wanawake 90 ni wachache. Lakini kinachonikaa moyoni ni kwamba tafiti zote mbili zilifanywa Uingereza, kwa wanawake wasioishi na malaria, na sisi tunabishana juu ya namba zao kana kwamba ni zetu. Kama 71 ingekuwa 60 kwetu, au 75, tungelijuaje?

Upande wa gharama, hoja ya wanaopinga ni nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Aliyeganda damu kwa ugonjwa huu kwa kawaida humeza wafarini, dawa ya kuzuia mgando, maisha yote, na wafarini hutaka damu ipimwe mara kwa mara ili INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Kwa mtu wa Nyakach ya juu hiyo ni nauli ya bodaboda na matatu, na siku ya kazi imekwenda. Wafarini pia huweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo anayepanga mimba lazima ahamishiwe heparini ya sindano. Kumfungia mtu mzigo huo kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa wiki ya malaria ni kumdhulumu.

Hata hivyo kutojua kuna dhuluma yake. Vidonge vya rivaroxaban, navyo vya kuzuia mgando, havihitaji INR, na daktari mwenye huruma angempa mtu wa mbali. Mwaka 2018 Waitaliano walivilinganisha na wafarini kwa wagonjwa 120 wenye kingamwili zote tatu kwa pamoja: kizuia mgando cha lupasi, ile ya kardiolipini na ile ya beta-2 glaikoprotini 1. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati: matukio mabaya yalikuwa asilimia 19 kwa rivaroxaban na 3 kwa wafarini, yakiwemo kiharusi na shambulio la moyo. Dawa iliyo rahisi kuishi nayo ndiyo iliyowaangusha, na kabla ya kuwapima kingamwili huwezi kuwatambua. Ama kuhusu kama wafarini inaweza kusimamiwa huku kwetu, Eldoret imeshajibu: katika hospitali ya rufaa ya Moi, wafamasia wameendesha kliniki ya dawa hizi na kuonyesha kwamba inawezekana.

Msimamo wangu basi si wa kupima kila mtu. Apimwe kijana aliyeganda damu au kupata kiharusi bila sababu. Apimwe mwanamke aliyepoteza mimba kubwa, au ndogo tatu mfululizo, baada ya malaria kuangaliwa. Apimwe yule ambaye VDRL yake inasema ndiyo huku kipimo cha mdudu mwenyewe kikisema hapana, na asiitwe mwasherati kabla. Damu irudiwe baada ya wiki 12, maana kingamwili za kupita huwa zimepita. Na sampuli za akina mama hao zihifadhiwe, wafuatwe miaka, ili siku moja tuwe na 71 yetu au 42 yetu.

Nilimsomea rafiki yangu haya kwa simu. Kuhusu wiki 12 hatukubishana. Aliuliza tu ni nani atakayemlipia mama wa Nyakach nauli ya kurudi mara ya pili, na tukakaa kwenye swali hilo hadi salio langu likaisha.