Majumba ya makabaila wa Ayalandi: yatunzwe pamoja na karatasi zake

Ukiingia jikoni Strokestown Park, kaunti ya Roscommon, inua macho. Juu ya meko kuna ujia wa mbao unaokatiza jiko zima. Bibi wa nyumba alisimama pale akawadondoshea wapishi orodha ya vyakula vya wiki, bila kushuka waliko. Kuna na mahandaki pia, watumishi wapite wasionekane.

Majumba ya namna hii, mengi ya enzi za wafalme George wa Uingereza (1714–1830), yalisimama kwa kodi za wakulima waliopangishwa ardhi. Katika vita vya uhuru dhidi ya Uingereza na vile vya wenyewe kwa wenyewe, 1919 hadi 1923, zaidi ya 200 yalichomwa moto. Wapo wanaosema hadi leo kwamba hakuna cha kulilia. Siwabezi. Mwaka 1847, Njaa Kuu iliyoletwa na kuharibika kwa viazi ikiwa imepamba moto, Denis Mahon, mwenye Strokestown, aliwasafirisha wapangaji karibu 1,500 kwenda Kanada, na wengi walifia njiani. Novemba mwaka huohuo alipigwa risasi akafa.

Lakini moto haukuchagua. Moore Hall, kule Mayo, liliteketezwa Februari 1923, ingawa George Henry Moore, mmiliki wake wakati wa njaa, aliwalisha wapangaji wake kwa fedha alizoshinda kwenye mbio za farasi. Na Castletown, lililoanza kujengwa 1722 kwa ajili ya William Conolly, Spika wa Bunge la Ayalandi, je? Kuta zile ni jasho la vibarua wa Ayalandi kuliko la Conolly. Desmond Guinness, mtetezi wa majengo ya kale, alipolinunua 1967 ili kuliokoa, kwangu mimi aliokoa kazi yao pia.

Kinachonishawishi zaidi ni karatasi. Strokestown lilinunuliwa 1979 na mwenye gereji wa mjini hapo, aliyetaka nafasi ya kupanua biashara yake. Ndani akakuta nyaraka za shamba lote, pamoja na ombi la wapangaji la 1846: familia zetu zinateseka mbele yetu, hatutaweza kuvumilia kwa muda mrefu zaidi vilio vyao vya njaa. Makumbusho ya Njaa yakafunguliwa hapohapo 1994. Kiberiti kingewashwa pale 1923, ombi lile lingekuwa majivu.

Kwa hiyo nasema yatunzwe, kwa fedha za umma inapobidi. Ila mgeni anayeoneshwa lipu ya dari na vinara vya kioo aoneshwe na daftari la kodi, katika ziara hiyohiyo.