Yoti ya Watu Wawili Haina Abiria

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Pwani. Bwana na bibi wa Kizungu, wote wamestaafu, wametia nanga ndani ya kriki, yoti yao nyeupe pe. Bwana ameshika usukani, anaeleza upepo, anaeleza betri, anaeleza kila kitu. Bibi anatokea na sahani ya matunda, baadaye anapunga mkono, basi. Chini ya klipu ndugu zetu wamefurahi: ndivyo pensheni inavyoliwa, mimi nikistaafu bandarini nanunua moja, na mama watoto kazi yake pilau na chai tu.

Pilau na chai. Haya.

Sina ugomvi na ndoto yenyewe. Mtu aliyetumikia miaka thelathini akitaka kumalizia uzee wake baina ya Shimoni na Lamu, ni haki yake. Ugomvi wangu ni huo mpango wa mmoja kuwa nahodha na mwenziwe kuwa abiria mwenye sufuria. Ni mpango wa kuua mtu, na mara nyingi anayekufa ni huyo huyo nahodha.

Jahazi halina shida hii kwa sababu haliendeshwi na watu wawili. Lina nahodha, lina mabaharia, na kuhamisha foromali tu, ule mti unaobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti kunataka mikono kadhaa. Akianguka mmoja, wapo wa kumkodolea macho asipotee na wapo wa kushusha tanga. Yoti imewatoa mabaharia hao ikaweka winchi, tanga la mbele la kujikunja, na otopailoti. Vinavuta kamba na vinashika njia, lakini havijui kwamba mtu ameanguka. Otopailoti itaendelea kukipeleka chombo Kilifi kwa uaminifu mkubwa huku mwenyewe ameachwa nyuma anaogelea.

Tuseme ni mwezi wa saba, kusi limekaza, chombo kinakwenda fundo 6. Bwana ana kilo 90. Anakwenda omo, mbele ya chombo, kunasua kamba iliyokwama, wimbi linainua ubavu, yumo majini. Kwa fundo 6 chombo kinakwenda mita 185 kwa dakika. Umbali huo, kichwa cha mtu ni nazi inayoelea, tena nazi inayoonekana pale tu nyinyi wawili mkiwa juu ya mawimbi kwa wakati mmoja. Mama wa pilau yuko chini jikoni. Afanye nini?

Atupe boya lenye taa, kisha chochote kinachoelea, mito ya kukalia, madumu matupu, ili mahali pale pawe na alama. Abonyeze kitufe cha MOB (mtu ameanguka majini) kwenye GPS na ahakikishe kimekubali, maana vingi hutaka kushikiliwa. Azime otopailoti kabla hajagusa usukani, la sivyo atashindana nayo. Halafu ageuze omo ipite kwenye upepo bila kulegeza demani, ile kamba inayolishikilia tanga la mbele. Tanga hilo litashika upepo kinyume na kusukuma omo upande mmoja, tanga kuu na usukani vitaivuta upande wa pili, na chombo kitatulia kikisogea polepole tu. Sasa amepata nafasi ya kufikiri, na mtu wake bado yuko karibu.

Kosa kubwa hapa ni kukimbilia injini. Katika vurugu ile huwa kuna kamba imedondoka majini. Ukiweka gia inajizungusha kwenye propela, injini inazima, na hapo una chombo kisichotii na mtu asiyefikika. Kamba zote zivutwe ndani kwanza, ubavu mmoja hadi mwingine, ndipo injini iwashwe. Tanga la mbele likunjwe, amwendee taratibu omo ikielekea upepo, na akifika ubavuni gia iwe huru. Propela inayozunguka karibu na miguu ya mtu haihitaji maelezo.

Redio nayo. Chaneli 16 ya dharura, au kitufe chekundu chini ya kifuniko chake, kishikiliwe kama sekunde tano. Aseme Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali, kilichotokea, watu wangapi. Kituo cha uokoaji wa baharini kipo hapa hapa Mombasa. Ila mvuvi mwenye mtumbwi aliye karibu kuliko wote aghalabu hana redio, ana simu, kwa hiyo namba ya mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa kila bandari mnayopita iandikwe kwa kalamu nene karibu na redio. Isikae kwenye simu ya bwana, ambayo muda huo iko mfukoni mwake, chini ya maji.

Hadi hapo ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ndiyo wasioifikiria kabisa: kumtoa majini. Yoti ya mita 11 ina ubavu wa zaidi ya mita moja kutoka majini. Hakuna mtu wa miaka 62, mke au mume, atakayeinua kilo 90 zilizolowa kwa mikono. Ngazi ya tezi, nyuma ya chombo, ni ya kuogea mkiwa kwenye nanga. Kwenye mawimbi tezi hupanda na kushuka kwa kishindo na kumpiga kichwani yule unayemwokoa. Kinachotakiwa ni kapi za sita kwa moja, yaani kamba inapita mara sita na uzito unagawanyika kwa sita, zilizofungwa tayari ndani ya mfuko wake. Kapi ya juu hutundikwa kwenye jarari la akiba, ile kamba ya kupandishia tanga, na kupandishwa mita tatu juu ya sitaha, ya chini hufika majini na kushikizwa kwenye mkanda wa kifuani, na mwisho wa kamba huenda kwenye winchi. Kwa hesabu ya karatasini kilo 90 huwa 15. Msuguano utakurudisha kwenye ishirini na kitu, bado ni mzigo wa mtu mzima mmoja. Angalia urefu wa kamba: kumpandisha mita 2 unavuta mita 12, na kapi zikifunguka hadi majini zinakula zaidi ya mita 25. Nunua mita 35 za milimita 10. Seti za dukani zenye kamba fupi ni za kuinulia injini ya boti ndogo, msidanganyike.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba maji yetu ni ya vuguvugu, hayamgandishi mtu kama ya Ulaya. Ana muda. Lakini muda huo ni wa mtu aliyevaa jaketi la kuokolea lenye mkanda wa mapajani. Bila mkanda huo jaketi hupanda likamziba uso, mtu akabaki anazama ndani ya jaketi lake mwenyewe. Yale ya kujijaza yenyewe yana kichupa cha gesi, gramu 33 kwa saizi ya kawaida, na mtikisiko wa chombo hukilegeza. Kikazwe kwa mkono kila mnapotoka.

Na afadhali asianguke. Mikanda ya sitaha itoke walipokaa hadi omo, na kamba ya kujifungia iwe ya mita moja. Ile ya mita 2 inakuacha uning'inie ubavuni ukiburutwa. Jua la hapa hula mikanda hiyo: ikipauka na kutoa vumbi ukiikunja, tupa. Usiku, hakuna kwenda omo mwenzako amelala. Hata ukiwa na haja ndogo, mzee. Ndoo ipo.

Sasa nimemtaja bwana aliyeanguka, lakini si lazima aanguke. Presha inaweza kumlaza, au mgongo. Mama atabaki na chombo kizima kinachotakiwa kuingia bandarini, na kuingia bandari zetu kuna adabu yake. Milango ya Mtwapa na Kilifi unaiingia ukielekea magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni na mwamba unauona kwa rangi ya maji. Alasiri jua liko usoni, maji yote yanang'aa, huoni kitu. Siku za bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri, kwa hiyo saa 5 hadi saa 6 ndiyo bahati yako: jua liko juu, maji yanajaa, na hata ukipwelea utaelea tena. Ukipwelea maji yakishuka, keti usubiri, na uombe chombo kisilalie upande wa mwamba.

Nanga hivyo hivyo. Bamvua huku inapandisha maji zaidi ya mita 3. Ukikuta kina cha mita 5 maji yakiwa yamepwa, ongeza mita 3 na nusu za kujaa, ongeza mita moja ya omo kutoka majini, unapata 9 na nusu. Zidisha kwa tano: mnyororo wa mita 48. Anayepima kina saa ile ile na kumwaga mita 25 ataamka saa 10 alfajiri yuko juu ya ngalawa ya mtu.

Injini: ajue kufunga valvu ya maji ya bahari, kufungua kifuniko cha pampu, kubadilisha impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, na kuhesabu mabawa ya ile ya zamani, kwa sababu bawa lililokatika limekwenda kuziba mbele. Ajue kutoa hewa kwenye dizeli. Dizeli iliyokaa kwenye tangi nusu tupu katika joto letu hushika maji na utelezi, mawimbi huuchanganya, na chujio huziba pale pale mlangoni, kamwe si mkiwa kwenye nanga. Na kwa kuwa ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani, ajue pia pampu ya ngama, ya kutoa maji yaliyoingia chomboni, iko wapi.

Bwana atasema, "Yeye hapendi kelele za injini." Nani anazipenda?

Watakuja wa kututisha na maharamia. Ni kweli, 2009 wazee wawili Waingereza walitekwa pamoja na yoti yao njiani kutoka Shelisheli kuja Tanzania, wakakaa mikononi mwa watekaji Wasomali hadi Novemba 2010. Si jambo la kuchezea. Lakini kati ya Wasini na Lamu kinachokusubiri usiku ni nyavu za jarife na mitumbwi isiyo na taa. Vimbunga navyo huwa havifiki latitudo yetu, ingawa Hidaya ya Mei 2024 iliwafikia jirani zetu wa Mafia, kwa hiyo redio isikilizwe. Gharama ni mada ya siku nyingine na itawauma.

Mwenye nia aanze hivi. Kabla ya kuhama nyumba, siku moja ya kaskazi mtoke Kilifi mshuke Mtwapa upepo ukiwa nyuma, mama aendeshe kuanzia kung'oa nanga hadi kuitia. Bwana akae, mikono mapajani na mdomo umefungwa. Hili la mdomo ndilo litakalomshinda. Njiani atupe boya lililofungwa kwenye dumu la lita 20 lililojaa maji, bila kumwambia mwenziwe, na mama alirudie. Mkishatia nanga, bwana aingie majini na jaketi lake, alegee kabisa asisaidie, na mama amtoe kwa zile kapi. Akishindwa, tafuteni kosa: jarari halikupanda vya kutosha, au kamba ni fupi, au mkono wa winchi umefungiwa kabatini. Kisha mbadilishane, kwa sababu bwana naye anadhani anajua. Kama kapi hizo bado hazijanunuliwa, ile sola ya pili na friji ya samaki zisubiri.