Pipi mbaya yenye vyeti

Alhamisi iliyopita kazini wakati wa breki nimekuta bakuli la pipi mezani, zile za rangi tatu, ncha nyeupe, katikati chungwa, kitako njano, umbo la punje ya mahindi. Candy corn hizo. Mwaka wa tatu huu niko hapa Columbus, Ohio, na kila Oktoba, msimu wao wa Halloween, huwa naziona tu napita zangu, safari hii nikasema ngoja nami nionje hiki wanachokipamba mwezi mzima. Jamani. Chukua mshumaa ule wa umeme umekatika, uchovye kwenye sukari, utafune. Basi ndiyo hiyo. Hamna uchachu, hamna harufu ya kitu, ni utamu mtupu unatafuna mpaka fizi zinawasha. Nikala ya pili nikidhani ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Ya tatu sijui hata kwa nini nilikula.

Sa kilichonimaliza wala si ladha. Tulikuwa kama watu saba pale, wengi wazaliwa wa hapa hapa, nikauliza nani anazipenda hizi? Kamkono kamoja tu, ka mama mmoja mtu mzima. Wengine wanacheka, eti takataka, eti mwaka mzima hawazigusi. Ila lazima ziwepo! Oktoba bila hizo haijawa Oktoba. Chama cha wenye viwanda vya pipi huku wenyewe wanasema zinatengenezwa zaidi ya paundi milioni 35 za uzito kwa mwaka, sasa niambieni zinaliwa na nani.

Nikaingia kwenye simu kutafuta, nikakuta pipi ina historia kuliko ukoo wangu. Philadelphia, miaka ya 1880, mpaka jina la mfanyakazi wa kiwandani anayesemekana ndiye aliyeibuni lipo, George Renninger. 1898 wakaingia kampuni ya Goelitz, ndio hao hao leo wanaitwa Jelly Belly. Zamani zilikuwa zinaitwa chakula cha kuku na boksi lake lina picha ya jogoo. Kulikuwa na wanaume kazi yao kubeba ndoo ya sukari ya moto na kumimina kwenye vikalibu huku wanatembea kinyumenyume, rangi moja, wanarudi ya pili, wanarudi ya tatu. Kinyumenyume! Mtu kakaa chini kaliandika hilo na watu wakalitunza zaidi ya miaka mia, kwa ajili ya mshumaa wenye sukari.

Haya tuje kwetu. Ubuyu wa rangi aliuanza nani? Mtaa gani, mwaka gani? Watu wa Tanga watasema Tanga, Mombasa watasema mabuyu ni yao, Wazenji ndo kabisa usiwaguse. Nani anajua? Ubuyu tunaojua historia yake ni ule wa umbea tu.

Na ubuyu ni pipi kweli, si mchezo. Kwanza sukari, halafu uchachu unakukamata kwa pembeni ya mashavu, halafu iliki, halafu kale ka pilipili kanakuja kwa nyuma kama mgeni aliyechelewa, halafu bado una mbegu ya kuizungusha mdomoni kipindi kizima cha hisabati mpaka iwe laini kama shanga. Pipi moja dakika ishirini. Hiyo candy corn sekunde nne imeisha na hujui umekula nini.

Najua mshaanza. "Kaenda juzi tu keshaanza kuchambua pipi za wazungu." Wengine mtakuja kwa upande wa pili, "kama ubuyu mtamu si urudi ukale." Jamani mi nasifia cha nyumbani na bado naambiwa naringa, sa nifanyeje? Na wala sisemi vyote vya huku vibaya. Hapa Ohio wana kitu wanakiita buckeye, donge la siagi ya karanga limechovywa kwenye chokoleti likaachwa kajicho juu, kile ni kitamu sina ubishi, ndugu yake kabisa kashata ya karanga. Mi ugomvi wangu ni huu mmoja tu: pipi mbaya ina vyeti vyote, pipi nzuri haina hata cheti cha kuzaliwa.

Na hapo ndo hasira zinahama zinarudi kwetu, maana baada ya ile ya tatu niligeuza pakiti. Astaghfirullah. Jelatini, na haijaandikwa ya mnyama gani. Ule mng'ao wa juu nao nikaja kujua unatokana na mdudu. Na mahindi kumbe yamo kweli, sirapu ya mahindi, nikakumbuka haya mashamba ukitoka tu nje ya mji mwezi huu, mahindi makavu hadi macho yanachoka, kumbe mengine ndo yanaishia kwenye huu utamu wakati mi hindi nalijua la kuchoma lenye ndimu na pilipili. Nilikasirika, ndiyo, ila nilikasirika kwa sababu NIMEJUA. Imeandikwa. Ubuyu nimekula miaka saba ya shule ya msingi, ulimi mwekundu, vidole vyekundu, shati jeupe lina alama ambazo mama alizifua hadi akaziachia, na ile rangi mpaka leo siijui ni ya nini. Ya keki? Ya mikeka? Nyie mnaijua?

Shangazi yangu kapika ubuyu kwa miaka, kasomesha watoto wawili kwa hiyo sufuria. Anachemsha sukari na maji kwenye mkaa mpaka ianze kuvuta, anamwaga rangi, iliki na pilipili, anatupia ubuyu halafu anageuza harakaharaka mkono haupumziki mpaka kila punje isimame peke yake. Mwaka jana nikampigia, shangazi hebu weka lebo basi, hata karatasi tu, jina na vilivyomo. Akanijibu, "Mwanangu, mteja wangu ana miaka minane na ana shilingi mia mkononi, hiyo lebo ataisoma nani?" Nikakosa la kusema. Ila bado nilikuwa na haki, hata yeye anajua.

Na msiniambie "siku hizi Zanzibar wanafunga vizuri, umepitwa." Naujua, ninao kabatini, umeletwa na mtu. Kopo lina stika ya simu ya mpishi. Vilivyomo? Kimya. Wakati huohuo unga wa ubuyu, ule ule mweupe wa kwetu, Ulaya waliuruhusu rasmi 2008, Marekani 2009, sasa unauzwa maduka ya wala afya kwenye mfuko mzuri wenye picha ya mbuyu, bei yake ukiibadilisha kwa shilingi unaweza kulia. Mi nilisimama pale nimeushika mfuko nikaurudisha. Kitu ambacho shuleni tulikuwa tunapewa kama hakuna chenji!

Basi jana ilikuwa zamu ya watoto kuvaa mavazi ya kutisha ya Halloween na kugonga milango kuomba pipi. Hapa Columbus wanauita Beggars' Night, yaani usiku wa ombaomba, saa kumi na mbili hadi saa mbili, na ni watoto wenye viatu vizuri kuliko vyangu. Mi hainishangazi sana, si ndo mkono wa Idi tu, tofauti huku hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Nikataka kuweka ubuyu kwenye bakuli, nikaufunga vizuri kwenye vikaratasi. Jirani, mama mmoja mpole sana, akaniambia taratibu kwamba wazazi wakifika nyumbani wanakagua, kisicho na pakiti ya kiwandani wanatupa. Hata mimi ningetupa, ukweli ndo huo. Nikaenda kununua chokoleti ndogondogo kama watu wote.

Kwa hiyo nikakaa kwenye ngazi na koti langu, bakuli la chokoleti magotini kwa ajili yao, kopo la ubuyu mfukoni kwa ajili yangu. Kakaja katoto kamoja kamevaa kama mifupa, nikakachekea. Kakarudi nyuma hatua mbili, kakaniangalia mdomo, meno, ulimi, kisha kakamgeukia baba yake kakasema kwa sauti kwamba damu ya huyu ndo nzuri kuliko zote mtaa mzima.

Nikasema asante, nikakapa chokoleti mbili.